Kujipiga picha si kujiona

Mhariri,

Jumatatu ya wiki iliyopita gazeti lako lilichapisha picha tatu za mwanafunzi wa sanaa aliye mwaka wa mwisho, pamoja na aya fupi kuhusu picha hizo na filamu yake, na maelezo yaliyowekwa chini ya picha zote yalikuwa neno moja tu: "selfi". Mimi ndiye mwalimu niliyemsimamia mwanafunzi huyo kwa miezi tisa. Lalamiko langu ni juu ya neno hilo, kwa kuwa ndilo lililowafanya wasomaji wawili, ambao barua zao mlizitoa Ijumaa, waulize ni lini vijana wataacha kujiona.

Lugha yetu yenyewe imetutega hapa. Kujiona, kwa maana yake ya asili, ni kazi ya macho. Katika mazungumzo ya kila siku ni majivuno, na mtu akisema "yule anajiona" hakuna anayefikiria kioo. Mwanafunzi huyu alikusudia kulirudisha neno hilo kwenye maana yake ya asili, yaani kujitazama kwa muda mrefu na bila kujipamba, mpaka uso wake mwenyewe uwe kitu anachoweza kukichunguza kama ambavyo angechunguza ukuta au mti. Wahenga walisema nyani haoni kundule. Sijui chombo kinachoweza kumsaidia nyani huyo kuliko kamera.

Anayepiga selfi huiona sura yake kwenye kioo cha simu kabla ya kubonyeza, huigeuza kidogo, huinua kidevu, kisha huchagua. Mwanafunzi wangu alijiwekea sharti lililo kinyume kabisa: asijione wakati wa kupiga. Aliiweka kamera juu ya tripodi, yaani kigoda cha miguu mitatu, akasimamisha ufagio mahali ambapo angesimama yeye, akaulenga ufagio huo mpaka ukaonekana bila ukungu, akaiwasha saa ya kamera inayohesabu sekunde 10, kisha akakimbia kwenda kuuondoa ufagio na kukaa mahali pake. Wiki za mwanzo alipata picha za mabega yasiyo na kichwa. Katika muhula mmoja alipiga fremu zaidi ya 400 na kuniletea 11, na kati ya hizo 11 mbili zilikuwa za ufagio, jambo ambalo mpaka leo sina hakika kama lilikuwa utani.

Fremu zilizobaki zilimkasirisha. Alidai kwamba mtu aliye pichani si yeye, wakati wenzake darasani waliona ni yeye hasa. Jambo hilo lina maelezo. Sisi sote tumezizoea sura zetu kutoka kwenye vioo, ambavyo hugeuza kushoto kuwa kulia, na kwa kuwa hakuna uso ulio sawasawa pande zote mbili, picha ya kawaida hutuonyesha mtu tusiyemzoea. Mwaka 1977 watafiti watatu wa Marekani waliwaonyesha watu picha zao za namna mbili, moja ilivyo na nyingine iliyogeuzwa. Wenyewe walielekea kuipenda iliyogeuzwa, na marafiki zao wakaipenda ile ambayo haikugeuzwa. Mwanafunzi alipolisoma hilo alichapa kila fremu mara mbili, mara moja ilivyo na mara moja ikiwa imegeuzwa, akazitundika bila kuandika ipi ni ipi.

Baada ya hapo alianza kuchezea muda. Ukiiacha shata, yaani kile kifuniko kinachoruhusu mwanga kuingia ndani ya kamera, wazi kwa sekunde nyingi ndani ya chumba chenye giza, kamera huandika kila kinachokaa mbele yake kwa kadiri ya muda kilichokaa. Kiti kilichotulia hutoka kikiwa imara. Mtu aliyekaa nusu ya muda kisha akaondoka hutoka kama kivuli, na mgongo wa kiti huonekana kupitia kifua chake. Hakuna ujanja wa kompyuta hapo. Alijaribu sekunde 4, akajaribu 8, halafu 20, akiandika katika daftari alikaa sekunde ngapi na aliondoka kuelekea upande gani, na daftari hilo, kwa maoni yangu, linastahili alama sawa na picha zenyewe.

Filamu yake mliipa sentensi mbili. Ina urefu wa dakika 6, na ndani yake mtu mmoja ameketi pande zote mbili za meza, huku akiuliza na kule akijibu. Kamera haikusogezwa hata kidogo: alirekodi kiti cha kushoto kwanza, akarekodi cha kulia baadaye, kisha akaziunganisha nusu mbili za picha katikati ya meza. Kwa maneno ni kazi nyepesi. Lakini mwanga wa dirishani hubadilika baina ya kurekodi mara ya kwanza na ya pili, na ukibadilika mshono huonekana, kwa hiyo ilimbidi alizibe dirisha na kutumia taa. Macho nayo huhangaika yanapomtazama mtu asiyekuwepo; alibandika kipande cha karatasi yenye gundi kwenye kiti kitupu, usawa wa macho yake mwenyewe. Shida iliyoipa filamu uzito wake, hata hivyo, hakuipanga. Aliyarekodi maswali siku moja, akaugua, na akayarekodi majibu wiki moja baadaye, na alipoketi kujibu alikuta hakubaliani tena na aliyeuliza. Katika dakika ya nne anayejibu ananyamaza na kumtazama mwulizaji kama anayetazama mgeni, na kimya hicho hakikuigizwa. Filamu ni ndefu kupita kiasi, nilimwambia hivyo nikamkata alama, lakini kimya kile nisingekigusa.

Wasomaji wenu walizungumza kana kwamba ugonjwa huu umeletwa na simu. Mwaka 1839, mwaka uleule ambao upigaji picha ulitangazwa kwa walimwengu, Robert Cornelius wa Philadelphia, Marekani, tayari alikuwa amekaa mbele ya kamera yake mwenyewe. Mwaka uliofuata Hippolyte Bayard, Mfaransa aliyekuwa na njia yake ya kutengeneza picha na ambaye aliona sifa zote zikienda kwa Daguerre, Mfaransa mwenzake aliyekuwa na njia nyingine, alijipiga picha akiwa uchi nusu, macho yamefumbwa, na nyuma yake akaandika kwamba huyo ni maiti ya Bayard aliyejitupa majini kwa kukata tamaa. Ilikuwa malalamiko, na ilikuwa uongo wa wazi, maana maiti haipigi picha. Mpiga picha Samuel Fosso alifungua studio yake mjini Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, mwaka 1975 akiwa na umri wa miaka 13. Mchana alipiga picha za wateja, na fremu zilizosalia mwishoni mwa mkanda wa kamera alizitumia kujipiga mwenyewe ili ampelekee bibi yake aliyekuwa Nigeria. Cindy Sherman, msanii wa Marekani, kati ya 1977 na 1980 alijipiga mfululizo wa picha nyeusi na nyeupe ambamo anaonekana kama wanawake wa sinema wasiowahi kuwapo, na hakuna hata moja inayotueleza yeye ni nani. Hata ile meza ya mwanafunzi wangu ina mtangulizi: mwaka 1943 mtengenezaji filamu Maya Deren aliketi mezani pamoja na nafsi zake mwenyewe ndani ya filamu fupi. Mwanafunzi aliijua filamu hiyo, na alikiri deni hilo katika daftari.

Sisemi kwamba kila kijana anayejielekezea kamera ni msanii. Wapo wanaochagua somo hili kwa kuwa mwanamitindo ni wao wenyewe, hadai nauli wala hachelewi, na kazi zao huonyesha uvivu huo mara moja. Nisemalo ni kwamba uso ulio katikati ya picha hautoshi kumwambia mtazamaji ni kipi kati ya hivyo viwili anachokitazama. Anapaswa kuambiwa mpiga picha alijaribu nini, na hapo ndipo neno "selfi" lilipowanyima wasomaji wenu haki yao, maana walihukumu sura kwa sababu hawakupewa kingine cha kuhukumu.

Ninaomba basi masahihisho yafuatayo yachapishwe. Picha ya kwanza imegeuzwa kama inavyogeuza kioo, na ya pili ni fremu hiyohiyo ikiwa haikugeuzwa. Si picha mbili tofauti, kama mlivyodokeza. Ya tatu, ambayo mwandishi wenu aliieleza kuwa "haikutoka vizuri", ilipigwa kwa sekunde 20, na mwenye picha alikaa kitini sekunde 7 tu za mwanzo.

Wako,
Mwalimu wa upigaji picha