Barua ya wazi kwa Mkurugenzi: mmekamata mkopo wenu wenyewe

Ndugu Mkurugenzi wa Halmashauri,

YAH: SHANGA ZETU ZILIZOKO STOO KWAKO

Salaam, na pole na majukumu. Lazima ni mengi, maana barua tulizoleta masjala bado zinasubiri zamu.

Alhamisi mgambo walifika kwenye meza yetu kando ya barabara ya watalii. Risiti ya ushuru wa asubuhi hiyohiyo hawakutaka hata kuiangalia. Mmoja akainua meza upande mmoja, na shanga alizozipanga mama kwa rangi na ukubwa zikamwagika zote vumbini. Makobazi, bangili na mikufu mipana vikatupwa kwenye pikapu. Sijui ni ule ugeni mliokuwa mnausubiri, au kuna mwenye duka la hotelini aliyelalamika kwamba tunamharibia bei. Labda yote mawili.

Biashara hii ni ya nyumbani. Baba anakata ngozi, kaka anashona soli, mama na sisi mabinti tunatunga. Tunanunua shanga za kutoka nchi ya Cheki ingawa ni ghali, kwa sababu zinalingana. Zile za bei chee hupishana ukubwa, mkufu ukajikunja, mteja akarudi kugomba.

Na fedha ya kuzinunua ilitoka wapi? Kwako. Ni mkopo usio na riba, kutoka ile asilimia 4 ya mapato ya halmashauri inayotengewa wanawake. Siku ya kukabidhi hundi ulipiga picha na mama, ukaahidi vizimba vya biashara karibu na stendi kabla ya masika. Masika yamepita, vuli nayo imepita. Sasa afisa maendeleo ya jamii anapiga simu kudai rejesho, na mali ya kuuza ili turejeshe mmeifungia nyinyi. Amuulize mtunza stoo wenu.

Mama alitoa kitambulisho cha mjasiriamali alicholipia shilingi 20,000 enzi za Rais Magufuli, tulipoambiwa mwenye nacho asibughudhiwe. Akajibiwa kwamba hicho ni cha zamani. Sawa.

Vizimba tutasubiri, tumeshazoea. Kama kuna faini, tuonyesheni imo katika sheria ndogo ipi. Lakini mali turudishieni, Ndugu Mkurugenzi. Kama yote ni mengi, basi toeni ule mkufu mwekundu na mweupe uliofungwa kwenye gazeti. Ni wa bibi harusi, ameshalipa nusu, na harusi ni Jumamosi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Binti wa mama wa shanga