Hamu ya kukimbia sijawahi kuiona, mimi nafuata maziwa

Mhariri, habari za kazi. Naandika kuhusu ile makala yenu ya afya ya Jumapili iliyosema mtu asiyejisikia kukimbia atafute kwanza hamu ndani yake, aweke malengo, ajitazame kwenye kioo, sijui abandike picha ya mwanariadha ukutani. Niliisoma nikiwa kwa kinyozi nasubiri zamu yangu, nikacheka peke yangu mpaka kinyozi akauliza mzee kuna nini. Mimi nina miaka 51, naishi Rau hapa Moshi, nakimbia siku nne kwa wiki na huu ni mwaka wa pili, hiyo hamu sijawahi kuiona hata kwa mbali. Hebu fikiria saa kumi na moja na nusu alfajiri, mwezi wa saba, baridi, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, mlima wenyewe wala hauonekani, halafu mtu unaambiwa utafute hamu ndani yako. Ndani yangu saa hizo kuna usingizi tu.

Nilianza sababu ya presha. Kliniki walinipima wakakuta 160 kwa 100, daktari mwenyewe binti mdogo umri wa mwanangu wa kwanza, akaniambia mzee wangu dawa nakupa lakini na wewe ujisogeze, angalau dakika 150 kwa wiki, ndo Shirika la Afya Duniani linavyoshauri kwa mtu mzima. Nikapiga hesabu nikaona ni nusu saa tu kwa siku tano, kitu gani hicho. Nikaenda soko la Memorial nikapata raba ya mtumba nzuri kabisa na trakisuti ya bluu, nikaweka alamu. Wiki ya kwanza nilitoka siku mbili, ya pili siku moja, ya tatu nikawa nazima alamu bila hata kufungua macho na anayeamka ni mke wangu, ambaye presha yake haina shida yoyote.

Watu walinishauri sana, wala siwalaumu. Kwenye grupu letu la WhatsApp kuna jamaa alinitumia ile video ya mzee wetu John Stephen Akhwari wa Mbulu, Mexico 1968, alivyoanguka akaumia goti akaendelea na marathoni na bandeji mguuni mpaka akamaliza wa mwisho, zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi. Ile video inaliza kweli na mimi nimeiangalia mara nyingi tu, lakini jamani, Akhwari alikuwa tayari yuko njiani! Shida yake ilikuwa kumaliza, mimi shida yangu niko chini ya blanketi na raba ziko mlangoni. Nilikuwa naiangalia usiku, naguswa, naapa kesho lazima, na kesho yake nalala kama gogo.

Kilichonisaidia ni kukumbuka shule ya msingi. Nyie wa rika langu mnakumbuka mchakamchaka na kuwahi namba, nani alituuliza kama tunajisikia? Tulikuwa tunakimbia na nyimbo juu, miguu peku, na mwalimu wa zamu yuko nyuma na fimbo yake. Sisemi turudi kwenye fimbo, ile ilitutesa wengine mpaka leo, ila nilijiuliza nani sasa atakuwa mwalimu wangu wa zamu, maana mke wangu alishakataa hiyo kazi, kasema yeye sio alamu.

Basi mwalimu akawa ng'ombe. Huku juu kwenye barabara ya kupanda Uru kuna mama mmoja anafuga kihambani, yani kwenye shamba la migomba la nyumbani kwake, ng'ombe mmoja wa ndani, anamlisha majani na migomba ya kukatakata kama tunavyofuga wengi huku. Simu yangu inasema ni kilomita tatu na kitu kutoka kwangu, zote mlima. Nikaenda nikamlipa mwezi mzima kabla, lita moja na nusu, Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumamosi, tukakubaliana nikiwa sijafika saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano anampa yule kijana wa pikipiki anayekusanya maziwa ya kupeleka mjini, na hela yangu hairudi. Na kwangu anakaa mama mkwe, ambaye chai ya rangi hanywi, anaiangalia tu kwenye kikombe halafu anakuangalia wewe. Mhariri, mimi siku hizo nne naamka. Sina hamu, nina hasira wakati mwingine, navaa raba huku nanung'unika, lakini chupa tupu iko mkononi na saa inakwenda na ukitembea haufiki kwa muda, lazima ukimbie. Sijawahi hata siku moja kujiambia naenda mazoezini. Nafuata maziwa, basi.

Tena nimejiwekea na ruhusa ya kurudi. Pale mtaani kwetu kabla mlima haujaanza kuna mama wa maandazi, nilijiambia nikifika kwake na bado mwili umekataa kabisa, nageuza narudi, maziwa yapotee na mama mkwe aseme atakachosema. Nimegeuza mara mbili tu, moja nilikuwa na homa kweli na ya pili ilikuwa mvua ya masika ile inayoshusha mpaka mawe barabarani. Nikishampita mama wa maandazi mwili unakuwa umeshapata joto na ule ugomvi wa kitandani unaisha wenyewe, hata sijui unaishaga saa ngapi.

Kushuka sikimbii. Siku ya kwanza nilikimbia kwa sifa, nikafika nyumbani na vipande vya siagi vinaelea kwenye chupa maana nilikuwa nimeyasukasuka njia nzima, mke wangu akauliza hiki nini umeleta. Tangu hapo napanda mbio nashuka kwa miguu, na wanaojua haya mambo wanasema kushuka mbio ndo kunaua magoti, kwahiyo siagi iliniokoa.

Vijana wa bodaboda kijiweni zamani walikuwa wananiuliza mzee unakimbia deni? Tangu Septemba 2025 Alphonce Simbu alipochukua dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo, yeye na yule Mjerumani, Amanal Petros, wameandikiwa muda uleule, 2:09:48, mpaka picha ndo ikaamua, sasa hivi nikipita wanapiga kelele Simbu! Simbu! na mimi kitambi hichi kinatangulia mbele. Nafurahi, siwezi kudanganya. Ila kelele zao zinanikuta nimeshatoka ndani, hakuna anayekuja kunipigia kelele chumbani.

Hapo ndo nina neno na gazeti lenu. Kila mwisho wa Februari mji wetu unajaa, Kilimanjaro Marathoni ipo tangu 2003, mnakuja na kamera pale uwanja wa Chuo cha Ushirika, kuna wa kilomita 42, wa 21 wanaopanda mpaka kule Mweka wanalia, na sisi wa 5 wa kujifurahisha. Nzuri sana. Wiki mbili kabla yake barabara za asubuhi zimejaa watu wenye fulana mpya, wiki mbili baada yake nakutana na mbwa tu. Njooni siku moja mwezi wa sita au wa saba mpige picha wale watatu wanne waliobaki, muwaulize kilichowatoa kitandani. Mimi nimewauliza. Mmoja anamsindikiza mtoto mpaka kituo cha gari la shule halafu anaunganisha. Mwingine kamshikisha mwenzake funguo za duka, yani asipokimbia kwenda kwake duka halifunguliwi. Hakuna aliyenitajia picha ya ukutani. Na mkija ongeeni na akina mama, mke wangu alikimbia na mimi siku tatu akaacha, sio uvivu, ni maneno ya barabarani, na hayo hayatibiki kwa kujitazama kwenye kioo.

Mwandishi wenu atasema hamu hujengeka ukizoea. Na mimi niliamini hivyo, niwe mkweli, mwaka mzima na zaidi nikajua tayari nimekuwa mkimbiaji. Halafu ng'ombe akakaushwa, maana alikuwa na mimba kubwa, miezi miwili kabla ya kuzaa hakamuliwi. Mama akanirudishia chenji yangu akasema baba pumzika kidogo. Nikasema mimi sasa sihitaji maziwa, nimeshazoea. Nilikimbia siku tatu. Siku ya nne nikalala, na ya tano, na wiki, na mwezi, raba zikahamia chini ya kitanda, na kliniki namba ikaanza kupanda tena taratibu. Mama mkwe tukamnunulia ya pakiti, akanywa kimya kimya, ambayo kwake ni matusi.

Ng'ombe kazaa Jumanne, ndama jike. Mama kanipigia mwenyewe jana jioni, kasema siku hizi za kwanza ni dang'a, yale maziwa mazito ya mwanzo, na hiyo ni ya ndama, nisubiri mpaka Jumatatu ijayo ndo niende na chupa. Hela nimeshamtumia. Raba nimezifua ziko mlangoni.

Msomaji wenu, Rau, Moshi