Bangili ya komwe

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi, na natumai nyumbani wote hawajambo. Umeuliza vipi komwe, zile mbegu ngumu za kuchezea bao, ulizookota Pangani zitakuwa bangili ya kusuka bila kupasuka. Mafundo utayazoea jioni moja tu; shughuli ni kutoboa.

Chagua komwe ya kijivu iliyokomaa, uitikise sikioni. Ikigongagonga, kiini kimekauka. Isiyolia bado ina unyevu, hiyo iache.

Gamba la komwe ni gumu na linateleza, kwa hiyo biti, yaani ncha ya kutobolea, hukimbia. Chonga kishimo kwenye kipande cha ubao, iketishe komwe humo na uibane. Usiishike kwa vidole hata kidogo. Kwaruza alama kwa tupa, toboa kwa biti ya milimita 1.5, mwendo wa polepole, halafu panua kwa ya milimita 2.5. Toboa nusu huku, nusu kule, matundu yakutane katikati. Wanaopitiliza upande mmoja ndio wanaolia, maana gamba humeguka pale biti inapotokea. Kiini kitoe kwa waya kadiri kinavyotoka, kisha sugua midomo ya tundu kwa msasa uliouzungushia njiti. Ukingo mkali utakula uzi taratibu mpaka ukatike.

Uzi uwe wa poliesta wenye nta, unene milimita 1. Pamba sikushauri: hunywa jasho, na ncha zake haziyeyuki, zinaungua tu. Kwa mkono wa sentimita 16, kata nyuzi 2 za sentimita 50 ziwe mashina, yaani nyuzi za kati zinazofungiwa mafundo, nyuzi 2 za mita 1 za kusukia, na kipande cha sentimita 30 cha kufungia. Mita 3 na nusu zinatosha.

Pitisha mashina yote mawili ndani ya komwe, ikae katikati. Uzi mmoja wa kusukia uweke nyuma ya mashina, katikati yake, ukiigusa komwe. Ncha ya kushoto ipite juu ya mashina, chini ya ncha ya kulia. Ya kulia ipite nyuma ya mashina, itokee kwenye kitanzi cha kushoto. Kaza. Sasa rudia kwa kuanzia kulia. Hilo ni fundo moja. Ukianzia kushoto kila mara, bangili itajipinda kama parafujo. Dawa yake: paka ncha moja rangi ya kucha kidogo, na hiyo ndiyo ipite juu ya mashina kila mara, iwe iko kushoto au kulia. Kaza kwa nguvu ileile, la sivyo kingo zitakuwa na mawimbi.

Suka sentimita 5 kila upande wa komwe, kila upande kwa uzi wake wa kusukia. Kata ncha za kusukia, ubakishe milimita 2, ziyeyushe kwa sehemu ya buluu ya moto wa kiberiti cha gesi na uzibonyeze kwa kisu. Moto wa njano huacha masizi. Mwisho pishanisha mikia ya mashina na uifunge kwa mafundo 5 ya kile kipande kifupi. Yakibana sana, bangili haitafunguka. Jaribu kuivuta kabla hujachoma ncha.

Zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi ulizochanganya nazo usizitoboe. Ndani zina sumu kali, na vumbi lake si la kuvuta puani. Ziweke mbali na watoto.

Msalimie mama. Nitumie kipimo cha mkono wake, nikupigie hesabu ya uzi.

Wako,
Mwanaidi