Dada, Diani nimefika kwa miguu

Dada,

Najua haya yatakufikia, maana shemeji hapitwi na ninachoandika. Simu zangu hupokei tangu Mfunguo Tatu, basi soma.

Jumamosi nilikwenda Diani kwa miguu. Mimi huyu, niliyeugua kifua kikuu, uliyemwambia Mama sitapanda ngazi za ghorofani tena. Nilivuka feri ya Likoni alfajiri na mapema. Ilikuwa bamvua, asubuhi bahari imejaa mpaka ukingoni, kwa hivyo nikaanza kwa barabara ya Lungalunga, moshi wa matatu na vumbi, kisha maji yalipopwa nikateremka ufuoni nikakanyaga mchanga mgumu. Pumzi ilinisumbua mwanzo. Hakikuniuma kifua, kilikuwa kimesahau kazi yake tu. Nikapunguza mwendo, nikanywa dafu Tiwi. Yule mzee wa siku ya ngalawa bado anasuka madema. Aliniuliza habari zako, nikamwambia uko salama, tunatembeleana. Nimekusitiri.

Mto Mwachema nilifika maji yashaanza kurudi. Nikavuka yamenifika kiunoni, viatu nimevitundika shingoni, nikaenda kusali adhuhuri Msikiti wa Kongo. Pale chini ya mibuyu nilikaa nikajisikia mzima, nikataka kukupigia. Kisha nikaikumbuka hitma ya Baba.

Watu wamejaa sebuleni, sinia la chai limeingia. Kila mtu glasi. Mimi kile kikombe cha plastiki cha buluu, chenye alama ya rangi yako ya kucha chini ya kitako. Mwanao akauliza mbele ya watu, "Mama, hiki si cha mjomba?" Ukacheka. Kikombe ningekusamehe, dada. Kicheko kile sijakiweza mpaka leo.

Miezi 2 ya dawa nne kwa pamoja nilikuwa nishaimaliza, zile zilizougeuza mkojo wangu rangi ya chungwa, nikakusimulia ukafa kwa kucheka (hicho kilikuwa kicheko chema). Makohozi yamepimwa, hayana kitu. Na kifua kikuu hakipiti kwenye kikombe wala sahani. Hupita hewani, mgonjwa ambaye hajatibiwa akikohoa mahali hewa haizunguki. Na nani aliyefunga madirisha yote siku ile ili kiyoyozi kifanye kazi?

Nasema haya na uji wa wimbi uliokuwa ukiniletea usiku sijausahau. Lakini uliuleta kabla ugonjwa haujatajwa jina. Ulipotajwa, ukakatika.

Basi nikushauri, maana mjini hapa kifua kikuu hakijaisha. Akiugua mwengine nyumbani, fungua madirisha. Waliokaa naye wakapimwe, na watoto wa chini ya miaka 5 waulizie dawa ya kinga. Hospitali za serikali tiba ni bure. Mgonjwa mkumbusheni vidonge mpaka miezi 6 itimie, hata akijiona mzima, kwani wengi huacha hapo katikati na ugonjwa ukarudi mkaidi zaidi. Mimi nilivimaliza bila mtu wa kunikumbusha. Kwa hivyo yule anayesema huko kwamba niliacha kuja kwenu kwa kiburi, na namjua, amwogope Mungu. Ningekuja kufanya nini? Kunywea plastiki? Hata arusi ya binti yako nilituma zawadi, na sikupata hata ahsante. Nyinyi wengine mnaosoma mniwie radhi, haya ni ya nyumbani.

Mama anataka tukutane sote Idi. Nitakuja. Chai nitajimiminia mwenyewe, kwenye glasi za kabatini. Na ile flaski ya Baba ya safari uliyoichukua baada ya arubaini, niwekee karibu na mlango nikija niichukue. Jumamosi nilibeba maji kwenye chupa ya soda, yakachemka juani.