Mwanangu, iache hiyo spana kwanza

Mwanangu mpendwa,

Picha uliyonitumia nimeiona, nikaivuta karibu hadi nikaona na vumbi la dashibodi yako. Lifute. Hiyo taa ya njano yenye mchoro wa injini tunafahamiana vizuri. Unaniuliza kama ni kweli mtu akichomoa betri robo saa taa inazima. Ni kweli, kwa magari mengi inazima, na hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo.

Kwanza nijibu: imewaka ikatulia, au inawakawaka? Ikiwa imetulia na gari linakwenda kama kawaida, una muda, endesha taratibu hadi kwa fundi. Ikiwa inawakawaka, toa mguu kwenye mafuta, tafuta mahali salama, simama, zima. Hapo ujue injini inamisi vibaya: kuna silinda isiyochoma petroli yake, na petroli hiyo inakwenda kuungulia kwenye masega, lile kopo la ekzosi lenye vitundu ndani kama sega la nyuki. Wala usiichanganye na taa nyekundu ya oili au ya joto. Hizo hazina mjadala, ukiiona mojawapo unasimama na kuzima injini hapo hapo.

Mimi nilifundishwa huo ujanja wa betri na jamaa mmoja barabarani, nikajiona nimekuwa fundi. Gari lilikuwa linamisi asubuhi, taa inawaka, nafungua boneti, nachomoa, nasubiri, narudisha. Siku tatu kimya. Ikiwaka tena, nachomoa tena. Mara ya nne nilikuwa napanda mlima, gari likaishiwa nguvu kama limefungiwa jiwe nyuma. Nikashuka nikiwa nasikia harufu ya mayai viza, nikainama kuchungulia: ekzosi chini imeiva, nyekundu kama kaa la moto. Kumbe kilichokufa mwanzoni ni koili moja, ile inayoipa plagi umeme wa cheche, kitu cha kufungua bolti moja na kuchomoa soketi. Nikanunua koili, nikanunua na masega. Mama yako hadi leo akinikuta na spana mkononi anauliza, “Unazima taa?”

Taa ile haiwaki hivi hivi. Kompyuta ya gari ikiona kosa inaandika kodi, yaani alama ya kosa hilo, herufi moja na tarakimu nne. P0301 ni silinda ya kwanza inamisi. P0420 ni masega hayasafishi moshi inavyotakiwa. P0455 ni mvuke wa petroli unavuja kwa wingi, na mara nyingi ni mtu tu kajaza mafuta akasahau kukaza kifuniko cha tanki. Taa ni moja kwa yote hayo! Pamoja na kodi, kompyuta inahifadhi hali ilivyokuwa dakika ile: injini inazunguka kwa kasi gani, ina joto kiasi gani, gari liko mwendo gani. Fundi mzuri anaanzia hapo. Ukichomoa betri umemfukuza shahidi, halafu unamwambia fundi atafute mwizi.

Kwa hiyo anza na kifuniko cha tanki. Kikaze hadi kilie. Kama tatizo lilikuwa hilo, kompyuta itajipima yenyewe, na ikipita safari kama tatu mfululizo bila kuona kosa, taa inazima bila mtu kuigusa. Isipozima, peleka ikasomwe kwa mashine. Soketi ya kuchomeka ina pini 16, kwa kawaida iko chini ya usukani, karibu na goti lako. Marekani waliilazimisha kwenye magari ya kuanzia modeli ya 1996, na Ulaya wakafuata kwa magari ya petroli miaka michache baadaye. Lako ni la juzi tu, hutaikosa.

Sasa, tuseme tatizo limeshatengenezwa na mashine ya kufutia haipo. Hapo chomoa, sikukatazi. Zima gari, ufunguo uwe mfukoni mwako, na shusha kioo cha dereva, maana yapo magari yanayojifunga yenyewe umeme ukirudi. Kama redio yako ina namba ya siri, iandike kabla. Halafu anza na hasi, upande wenye alama ya kutoa, kwa kawaida waya mweusi. Hili usilipuuze. Bodi lote la gari limeungwa kwenye hasi, kwa hiyo ukianza na chanya na spana ikagusa chuma chochote, utaona cheche ambazo hutazisahau, na betri hutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka. Vua pete pia. Ncha ya waya ifunike kwa kitambaa isirudi kugusa betri. Kwa kazi yako hii ya kufuta taa, chanya huna haja ya kuigusa kabisa.

Ukirudisha, saa itakuwa imepotea, na vioo vya umeme huenda vikahitaji kufundishwa upya kujifunga. Injini inaweza kutetemeka ukiwa umesimama, na gia za otomatiki zikawa zinashtuka, kwa sababu kompyuta imesahau vipimo vyote ilivyojifunza kwa gari lako. Endesha siku chache itakaa sawa. Ila usilipeleke kwenye ukaguzi wa moshi siku hiyo hiyo. Wakiingiza mashine wataona vipimo vya ndani havijakamilika, na watajua umefuta.

Ukishasomewa, niandikie kodi yenyewe, tarakimu zote nne. Usiniambie “wamesema ni sensa.” Kodi ikitaja sensa, mara nyingi sensa yenyewe ni nzima, inaripoti tu ilichokiona, na watu wanaitupa wanaweka mpya na taa inarudi wiki hiyo hiyo.

Spana namba 10 niliiweka chini ya tairi la akiba, nimeiviringisha kwenye kitambaa cha bluu. Iache hapo hapo kwanza. Kakaze kifuniko.

Baba yako