Kitonga nimeshuka miaka 9, mtihani wa leseni Marekani ukaniangusha

Ndugu Mhariri,

Salamu kutoka Columbus, Ohio, na shikamoo kama umenizidi umri. Gazeti lako nalisomaga kwenye simu nikiwa nimepaki nasubiri kushushwa mzigo, na wiki mbili zilizopita mlitoa barua ya msomaji mmoja wa hukuhuku Marekani akiwaambia watu kwamba mtihani wa maswali wa leseni ya malori, hii wanayoiita CDL, ni kitu cha mchezo tu, unapakua programu kwenye simu, unakariri siku 3, unaenda unabonyeza, umetoka. Sikupenda. Sio kwamba kadanganya mia kwa mia, wapo waliopita hivo na mimi nawajua, ila hajasema kinachowakuta baada ya hapo.

Mimi nilianza utingo, miaka 3, halafu nikashika stelingi mwenyewe nikaendesha semi-trela Dar kwenda Tunduma miaka 9. Mteremko wa Kitonga kule Iringa nimeshuka usiku, nimeshuka na mvua, nimeshuka na mzigo mzito nyuma huku mbele yangu kuna basi linalotaka kuwahi Dar. Kwa hiyo nilipofika huku nikaambiwa kabla hata ya kugusa gari kuna mtihani wa maswali 50 nikacheka. 2023 hiyo, nikaenda ofisi ya leseni nimevaa shati la pasi kama naenda kuposa. Kitabu cha mtihani nilikuwa nimekipitia juujuu, nikaangalia picha, nikaona haya mambo si ndo kazi yangu. Nikapata 37. Kupita ni 40, yaani asilimia 80. Nikarudi kwenye gari nikakaa nusu saa sijawasha.

Swali lililoniuma mpaka leo ni la mlima. Waliuliza kuhusu gia ya kushukia, na mzee aliyenifundisha kazi, mtu wa Mbeya, alikuwa na msemo wake, gia uliyopandia ndo utakayoshukia. Nikabonyeza jibu hilo bila kufikiri mara mbili. Kosa! Nikarudi nyumbani na hasira nikafungua kitabu, na kumbe mzee wangu wamemtaja humohumo, wanasema hiyo ilikuwa kanuni ya malori ya zamani. Malori ya siku hizi injini ina nguvu, bodi limechongwa lisipingane na upepo, vyuma vya ndani havikwaruzani sana, kwa hiyo linapanda kwa gia kubwa, na mambo hayohayo yanafanya likishuka lisiwe na cha kulishika. Kwa hiyo kushuka unaweza ukahitaji gia ndogo kuliko uliyopandia, na unaiweka kabla hujaanza kushuka, sio katikati ya mteremko ndo unaanza kutafuta gia. Breki nazo huzikalii. Kama spidi salama ni maili 40, ukifika 40 unakanyaga mpaka usikie gari limepungua kweli, likifika 35 unaachia, sekunde kama 3 hivi, likirudi 40 unarudia. Ukikalia pedali njia nzima breki zinachemka halafu zinakuacha. Nilisoma ukurasa ule nikawakumbuka watu wawili watatu tuliowaacha Kitonga, Mungu awarehemu.

Swali lingine nililokosa: lori tupu na lori lenye mzigo, lipi linahitaji umbali mrefu zaidi kusimama? Kila mtu anasema lenye mzigo. Kitabu kinasema tupu, kwa sababu tairi hazijakandamizwa vizuri barabarani hazishiki, na breki za lori zimetengenezwa kwa ajili ya mzigo, ukikanyaga ghafla linaruka na tairi zinajifunga. Nikajiuliza mbona hili nalijua, kila siku tulikuwa tunarudi na gari tupu tunasema linarukaruka, ila sikuwahi kuliweka kama kanuni kichwani.

Sasa ndugu yetu aliyeandika hiyo barua anasema kariri. Haya, tukariri. Ukitaka leseni ya tela, yaani daraja A, sio mtihani mmoja, ni mitatu: ule wa jumla maswali 50, wa breki za upepo maswali 25, wa kichwa (ile sehemu ya mbele yenye injini) na tela maswali 20. Ukitaka kubeba mafuta au vitu vya hatari kuna mingine juu yake. Jumla hapo una maswali 95 kwa siku moja ukiamua kuyafanya yote, na programu za simu zina mamia, na swali likibadilishwa neno moja tu umekwisha. Mtu kakariri kwamba jibu ni C. Wakigeuza mpangilio C inakuwa A. Au wanaweka lile neno dogo NOT, wanauliza kipi kati ya hivi sio kweli, na wewe akili yako imeshaona maneno uliyoyazoea, kidole kimeshabonyeza. Mimi kati ya maswali yangu 13 niliyokosa, kama manne yaliliwa na hiyo NOT.

Na Kiingereza chenyewe kina vichekesho vyake. Kuna kijana tunasoma naye, alinipigia simu usiku ananiuliza kaka, mbona kitabu kinamtaja gavana kwenye sura ya breki, gavana anahusikaje na upepo? Nikacheka mpaka mke wangu akaamka. Huyo gavana ni kifaa kidogo kinachoiamuru kompresa inayojaza upepo, upepo ukifika kama psi 125 (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo) kinasema basi acha kusukuma, ukishuka kama 100 kinasema endelea. Kijana alikuwa ameshakariri hizo namba zote mbili bila kujua ni za nini, na nilipomuuliza ipi ni ya kuwasha na ipi ni ya kuzima akanyamaza.

Ndo maana mimi na wenzangu tukaanzisha utaratibu wa Jumapili jioni. Tunakaa sebuleni kwangu, kitabu cha Kiingereza kiko mezani, maneno yote tunasoma kama yalivyo kwa Kiingereza kwa sababu mtihani nilioufanya mimi ulikuwa wa Kiingereza, lakini kubishana tunabishana kwa Kiswahili. Wapo Wakenya, wapo Watanzania, wengi ni Wakongomani, kwa hiyo breki ni freni, lori ni kamyo, tunaelewana tu. Wiki ile ya breki za upepo maneno yaligoma kabisa, hakuna aliyekuwa anaelewa kwa nini breki ifunge wakati upepo umeisha, wanasema si upepo ndo unafunga breki? Nikawatoa nje. Kichwa changu nilikuwa nimekipaki eneo la wazi karibu na kwangu, nikakiwekea magogo ya tairi, mama mmoja wa Bukavu, anafanya kazi ghala la usiku na anataka kutoka huko, nikamkalisha kwenye siti ya dereva. Injini imezimwa, ufunguo umewashwa, breki ya kupaki imeachiwa, nikamwambia mama kanyaga achia, kanyaga achia, na macho yako kwenye geji. Sindano ikaanza kushuka, 100, 90, 70, kila akikanyaga upepo unatoka pssss, ilipokaribia 60 taa nyekundu ikawaka na kengele ikaanza kulia. Nikamwambia kumbuka hapo, hiyo kengele lazima ilie kabla ya kushuka chini ya 55. Endelea. Akaendelea, 50, 40, na kabla hata ya kufika 30 kile kitufe cha njano cha breki ya kupaki kikaruka chenyewe kwa kishindo, mama wa watu akaruka nacho. "Papa! Freni imejikamata yenyewe!"

Ndo hivo mama. Ndani kuna springi kubwa, muda wote unaendesha upepo ndo unaibana isifanye kitu, upepo ukiisha springi inafunguka inakamata gurudumu, na kitabu kinasema inatokea kati ya psi 20 na 45. Yule mama sidhani kama atakuja kusahau hizo namba maisha yake yote, na hakuzikariri. Alipofanya mtihani wa breki alipata 24 kati ya 25, mwanamke ambaye miezi 8 nyuma alikuwa hajawahi kukaa kwenye siti ya dereva wa lori. Mimi na miaka yangu 9 nilipata 21.

Nikirudi kwa ndugu yetu, kuna vitu viwili hajavisema. Cha kwanza, ukishapita maswali unapewa pemiti tu, yaani kibali cha kujifunzia, hiyo sio leseni. Lazima ukae nayo siku 14 kabla ya kuruhusiwa mtihani wa gari, na tangu Februari 7, 2022 lazima upite kwenye shule iliyosajiliwa na serikali kuu, hamna tena kufundishwa na shemeji kwenye uwanja wa kanisa. Halafu sehemu ya kwanza ya mtihani wa gari ni ukaguzi, unazunguka lori na mtahini, unagusa kitu unakitaja jina kwa Kiingereza unasema unaangalia nini. Stelingi isicheze zaidi ya nyuzi 10. Tairi za mbele kina cha kashata, ile mikato ya tairi, kisipungue 4 kwa 32 ya inchi, za nyuma 2 kwa 32. Kati ya sahani ya kichwa na sahani ya tela pasiwe na upenyo, na ile pini kubwa ya tela iwe imeng'atwa na meno yote mawili. Hayo yote yapo kwenye kitabu kilekile cha maswali. Aliyekariri A, B, C anafika hapo anasimama kama mgeni msibani, mtahini hampi machaguo.

Cha pili ni barabarani. Sheria ya dereva kujua kusoma na kuongea Kiingereza ipo siku nyingi, lakini kuanzia Juni 25, 2025 askari wa ukaguzi akikuongelesha ukashindwa kumjibu, au ukashindwa kusoma alama, anakusimamisha palepale, gari haliendi na wewe tena. Mimi sina haja ya kuingia kwenye siasa zake, watu wana maoni yao na mimi nina yangu, ila kwenye mzani askari hakuulizi A au B. Anakuuliza umebeba nini, unatoka wapi, hii alama inasema nini.

Na kuna vitu ambavyo sisi tuliozoea barabara za nyumbani tunatakiwa kuvisoma upya kwa unyenyekevu. Gari likiharibika nyumbani unakata matawi unayamwaga barabarani kila mtu anaelewa. Huku ni pembetatu za kuakisi mwanga, una dakika 10 kuziweka, na kwenye barabara ya njia moja ni futi 10, 100 na 200 kwa kurudi nyuma kule magari yanakotokea. Umbali wa gari la mbele nao nyumbani ni kwa macho tu na ujasiri. Huku unahesabu, sekunde 1 kwa kila futi 10 za urefu wa gari lako, ukizidi maili 40 unaongeza 1, kwa hiyo tela la futi 60 kwenye barabara kubwa ni sekunde 7. Wenzangu walisema 7 ni nyingi mno. Nikawaambia kwa maili 55, ambayo ni kama kilomita 88 tu, mpaka uone, mguu uhame, upepo ufike kwenye breki na gari lisimame kabisa, ni zaidi ya futi 450. Uwanja wa mpira unauvuka goli hadi goli bado hujasimama. Pakawa kimya kidogo, halafu mmoja akasema sasa naelewa kwa nini kule mbugani Mikumi tuliua swala wengi vile.

Ombi langu kwako mhariri ni dogo. Pale mnapowekaga matangazo ya kazi za nje kuna watu wanauza "majibu ya CDL", kijana mmoja wa kwetu hapa alilipa dola 150 akatumiwa kurasa 40 za maswali ambayo mengine yana majibu mabovu kabisa, limo hata lile la lori tupu na wamelikosea. Kitabu chenyewe kinatolewa na jimbo, kipo mtandaoni, bure. Msiwapokelee hela hao. Na kama mna nafasi ya safu moja tu, hata robo ukurasa kwa wiki, tupeni sisi madereva tuwe tunaeleza sura moja moja kwa Kiswahili, mimi nitaandika bila kulipwa, na wapo wenzangu wa njia ya Mombasa hadi Malaba wenye maneno mazuri kuliko yangu.

Mtihani wangu wa pili nilipata 46, kama kuna anayetaka kujua. Jumapili hii tunaanza sura ya kichwa na tela, na mama wa Bukavu kasema yeye ndo atakaa mbele kufundisha breki kwa wale wapya wanne waliojiunga. Mimi nimeambiwa nilete magogo ya tairi na chai.

Wako,
Dereva wa tela, Columbus, Ohio