Barua kwa Salma kuhusu matokeo elfu moja

Morogoro

Kwa rafiki yangu mpendwa Salma,

Salaam nyingi kutoka huku. Sisi sote hatujambo, Baba Neema amesharudi kazini na mguu wake, na mama anakusalimu na kuuliza kama baridi ya huko umeizoea au bado. Ningependa kukawia kwenye salamu kama ilivyo desturi yetu, lakini nimefungua folda uliyonitumia nikakuta jambo lisilongoja, kwa hiyo niwie radhi nikiliendea moja kwa moja: tafadhali usimpelekee msimamizi wako sura ya nne ya tasnifu yako kwanza.

Uliniomba nikuchoree histogramu ya matokeo elfu moja ya butistrapu (mbinu ya kuchota upya sampuli mara nyingi ili kuona kadirio linavyoyumba), kila moja katika faili lake, yale makadirio ya athari ya elimu ya mama kwa kiwango cha hemoglobini cha mtoto. Nilipoyapanga kutoka dogo hadi kubwa niliona kadirio moja limejirudia, mpaka tarakimu ya mwisho, katika mafaili zaidi ya arobaini, kisha likafuata jingine nalo likajirudia vivyo hivyo. Nikaiagiza R, ile programu ya takwimu, inihesabie thamani zisizofanana, ikanijibu 22. Unapochota upya maeneo ya sampuli kwa nasibu kutoka katika takwimu za taifa za 2022, haiwezekani machoto mawili yatoe jibu lilelile hadi tarakimu ya kumi na tano, sembuse arobaini. Maana yake ni kwamba klasta yenu, lile kundi la kompyuta zinazofanya kazi pamoja, imefanya kazi elfu moja kwa uaminifu mkubwa, lakini nyingi kati ya hizo zimerudia hesabu iliyokwisha kufanywa.

Mwanzoni nilidhani umeweka `set.seed` (amri ya kuweka mbegu, yaani mahali namba nasibu zinapoanzia) ya namba moja kwa kazi zote, jambo ambalo watu wengi hulifanya, lakini skripti yako haina mstari huo hata mmoja, na ninakumbuka uliniandikia kwamba umeuondoa makusudi ili kila kazi ianze na bahati yake. Wazo hilo si baya, kwa sababu R isipokuta hali yoyote ya namba nasibu hujitengenezea nyingine kutokana na saa na namba ya mchakato. Tatizo ni kwamba iliikuta. Tazama mstari wa mwisho wa skripti unayompa Slurm, programu inayopanga foleni ya kazi kwenye klasta: unaendesha programu kwa `R CMD BATCH`, na amri hiyo, usipoizuia, huanza kwa kurejesha faili la `.RData` lililomo kwenye folda na humaliza kwa kuliandika upya. Nimeliona faili hilo kwenye folda yako, na bila shaka lilizaliwa siku ulipokuwa ukijaribu modeli kwa mkono, R ikakuuliza kama ihifadhi vitu vyako, nawe ukaikubalia kwa adabu. Ndani yake, pamoja na data, kimo kitu kilichofichika kiitwacho `.Random.seed`, ambacho ndicho hali ya namba nasibu.

Sasa fuatilia safari yenyewe. Uliandika `--array=1-1000%50`, kwa hiyo Slurm iliruhusu kazi hamsini tu ziende kwa wakati mmoja. Hizo hamsini zilisoma `.RData` ileile, zikachota maeneo yaleyale, zikatoa jibu lilelile, na kila moja ilipomaliza iliacha nyuma hali mpya ya namba nasibu, ambayo nayo ilikuwa ileile kwa wote. Kundi lililofuata likaanzia hapo. Kazi elfu moja zikienda hamsini hamsini ni mafungu ishirini, na kwa kuwa nodi, yaani kompyuta za klasta, hazilingani kasi, mafungu yaliingiliana kidogo tukapata 22. Nakiri kwamba nilipoimaliza hesabu hiyo nilicheka peke yangu, kwa maana mara nyingi kompyuta haikosei kwa mpangilio mzuri namna hiyo.

Lakini si jambo la kuchekea sana, na ndiyo maana ninalirudia. Kosa sanifu, yaani kipimo cha kuyumba kwa kadirio, ulilolikadiria kwa machoto elfu moja lingekuwa na wasiwasi wa takribani asilimia 2, ilhali kwa machoto 22 wasiwasi huo unapanda hadi kama asilimia 15. Ile mipaka ya asilimia 95, inayoacha nje asilimia 2.5 ya matokeo kila upande, imeathirika zaidi. Asilimia 2.5 ya mafaili elfu moja ni mafaili 25, na thamani yako ndogo kabisa peke yake inajirudia zaidi ya mara arobaini, kwa hiyo mpaka wako wa chini ni ile thamani ndogo kabisa, na wa juu ni ile kubwa kabisa. Wala Slurm haikuwa na lolote la kukuonya: kwake kazi zote zimeandikwa COMPLETED, yaani zimekamilika. Kazi ikizidisha kumbukumbu au muda hufa na sababu ikaandikwa, nawe ukajua. Hizi zilifaulu zote, na hapo ndipo hofu yangu ilipo.

Dawa yake ni fupi. Futa hiyo `.RData`, endesha kwa `Rscript`, ambayo hairejeshi kitu, kisha chagua jenereta ya namba nasibu ya `L'Ecuyer-CMRG`, weka mbegu moja kwa kazi zote, na kila kazi isogee hadi mkondo wake wa namba kwa `nextRNGStream` mara nyingi kadiri ya namba yake iliyomo katika `SLURM_ARRAY_TASK_ID`. Kati ya mkondo mmoja na unaofuata pana namba 2 kwa kipeo cha 127, kwa hiyo usiogope kazi mbili kukutana njiani. Zaidi ya hayo, kazi yoyote ikifa utaweza kuirudia peke yake na kupata jibu lilelile, jambo ambalo saa na namba ya mchakato haziwezi kukupa.

Kuhusu malalamiko yako kwamba unasota kwenye foleni huku yule bwana wa fizikia akipita kila siku, hapo sitakutetea. Umeomba kori (vitengo vya kuchakata) 32 kwa kila kazi, na modeli yako inatumia moja. Ukiandika `seff` na namba ya kazi utaona umetumia asilimia 3 tu ya ulichoomba, na kipaumbele chako hupungua kwa ulichotengewa, si kwa ulichokitumia. Omba kori moja, na uandike muda unaokaribia ukweli badala ya saa 48, kwa maana Slurm hupenda kuchomeka kazi fupi kwenye mianya inayoachwa na zile kubwa.

Je, matokeo ya sura ya tatu nayo uliyaendesha kwa skripti hiihii? Zuhura naye alinakili kutoka kwako, au ana ya kwake? Msimamizi amekupa hadi lini, na muda uliobaki unatosha kurudia kazi zote? Unaweza kunitumia machoto kumi ya kwanza yakishatoka, kabla hujaachia yote, ili niyalinganishe? Na ile histogramu, bado unaitaka kwa rangi ya buluu? Niandikie hata mistari miwili kabla ya Ijumaa.

Wako akupendaye,
Rehema